Wazo likiganda kichwani, aambiwe nani?

Waandishi wawili walioandika kwa undani kuliko wengi kuhusu binadamu aliyeshikwa na wazo moja walitoka kisiwa kimoja, Ukerewe, ndani ya ziwa lile lile linalogusa Busega katika mkoa wetu wa Simiyu. Aniceti Kitereza aliandika habari za mume na mke wanaotaka mtoto mpaka kutaka huko kukawa ndiyo maisha yao yote. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944, aliandika habari za kijana msomi ambaye fikra zake hazimwachi akapumua. Kwa mtu wa Sola kama mimi hawa ni majirani kabisa, watu wa ziwa letu.

Tatizo ni namna tunavyowasoma. Shuleni tunawasoma ili tujibu mtihani: mhusika mkuu ni nani, dhamira ni zipi, mwandishi katumia tamathali gani. Mwanafunzi wa Maswa au Bariadi anaweza kujaza kurasa mbili akieleza kwamba Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji anawakilisha mgongano wa usomi na mila, akapata alama zake zote, na asijiulize hata mara moja kama pale darasani, dawati la nyuma, hayupo Kazimoto mwingine ameinamisha kichwa. Mwalimu naye hana muda wa swali hilo. Silabasi inamsubiri.

Mimi naamini riwaya hizi zinajua jambo ambalo vijijini mwetu na kwenye zahanati zetu bado hatujajifunza kuliuliza. Zinajua mtu anavyoteseka na wazo lisilotoka kichwani, na zinaelewa kwamba mateso hayo yana historia, yana mwendo na yana mahali pa kushikiwa. Sisi tukimwona mtu wa namna hiyo tunauliza swali moja tu: nani kamfanyia?

Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Rafiki yake Manase, mtu mwenye cheo serikalini, anampa mimba Rukia, ndugu yake Kazimoto, na mambo yanaishia msibani. Kazimoto anashikwa na kisasi. Anapanga kumwadhibu Manase kupitia Sabina, dada yake Manase, lakini njiani mpango unamgeuka, anampenda na kumwoa. Baadaye unakuja ugonjwa, anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na mwisho Kazimoto anajiua. Wahakiki wameandika mengi kuhusu falsafa ya kitabu hiki, kuhusu uhai usio na maana, kuhusu wanafalsafa wa Ulaya ambao Kezilahabi aliwasoma. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini msome Kazimoto kama vile ni mtoto wa jirani yako, uone kitakachokushtua.

Utakachokiona ni kijana anayesimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na kwa hiyo msomaji anafungiwa naye ndani ya kichwa kile. Kila anakokwenda, baa, nyumbani kwa wazazi, kitandani, analikuta wazo limefika kabla yake. Watu wamemzunguka. Ana baba, ana marafiki, ana mke. Anazungumza nao, tena anatania. Lile hasa linalomtafuna hamwambii mtu, na hakuna anayemuuliza kwa namna ambayo angeweza kujibu. Nimekisoma kitabu hiki katika umri tofauti, na kila mara ninapokaribia kurasa za mwisho natamani mtu mmoja, yeyote, aingie mlangoni na kukaa naye.

Kitereza yuko upande mwingine kabisa, na ndiyo sababu napenda vitabu hivi viwili visomwe pamoja. Hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, na hakupata wa kuichapa. Uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Miaka 35 alikaa na mswada ule. Alifariki mwaka 1981, na msomaji asiyejua maisha yake atashangaa kusikia kwamba mtu aliyeandika kwa utamu hivyo kuhusu kupata watoto hakuacha mtoto hai nyuma yake.

Myombekere na Bugonoka wamekosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere anabaki na nyumba tupu. Wazo limemshika, hilo halina ubishi. Lakini angalia anavyoenda nalo. Anafunga safari ukweni. Anaomba radhi. Anatozwa pombe, anahangaika kuipata, majirani wanamsaidia kuitengeneza. Anamtafuta Kibuguma, mganga, na yeye na mkewe wanatibiwa wote wawili. Kitereza anaandika kila hatua kwa kirefu: mtu aliyepita njiani, salamu walizopeana, chakula kilichopikwa. Msomaji wa leo mwenye haraka huchoka na urefu huo. Mimi naona ndimo ilimo tiba ya kitabu. Hitaji la Myombekere linatembea katikati ya watu, linasemwa mbele ya watu, na watu wanalibeba naye. Wazo la Kazimoto linazunguka mahali pamoja.

Na Kitereza mwenyewe je? Miaka 35 na mswada mmoja, wengine wangesema kachanganyikiwa. Hapa lazima tuwe makini, maana siku hizi kila mwenye bidii anaitwa mgonjwa na kila mgonjwa anahimizwa awe na bidii. Mtu anayependa kazi yake mpaka anasahau kula hujisikia mzima akiwa ndani ya kazi ile. Anaikaribisha. Mgonjwa wa mawazo yanayojirudia hajisikii hivyo hata dakika moja. Wazo lake halitaki, linamtisha, linamwaibisha, na analitumikia akitumaini litaondoka.

Kuna mfano mwingine, maarufu zaidi duniani, ambao kwa maoni yangu umetupotosha. Mwaka 1968 S. S. Mushi alichapisha tafsiri yake ya Makbeth ya Shakespeare, na tangu hapo wasomaji wa Kiswahili wanamjua mke wa Makbeth, yule mwanamke aliyemsukuma mumewe kumuua mfalme, kisha usiku anatembea usingizini akisugua mikono kuondoa damu isiyokuwapo. Ni onyesho linalotisha na ni sanaa ya hali ya juu. Lakini limetuachia imani kwamba mtu akinawa bila kikomo basi kuna damu mahali. Amefanya jambo. Anaficha jambo.

Katika maisha ya kawaida mambo huwa kinyume. Ugonjwa wa mawazo yanayojirudia huwashika mno wale ambao hawajafanya lolote, tena huwashambulia pale wanapopathamini kuliko kwingine. Mama mchanga anayempenda mtoto wake kupita kiasi anakata vitunguu, ghafla inamjia picha ya kisu na mtoto. Anatetemeka. Anaficha visu vyote, anaogopa kubaki peke yake na mwanawe, na hathubutu kumwambia mtu kwa sababu anajua watakachosema. Muumini mcha Mungu anapiga magoti kanisani na tusi linapita kichwani mwake wakati wa komunyo. Kijana mpole anashikwa na hofu kwamba amemgonga mtu na pikipiki bila kujua, anageuza njiani kwenda kuangalia, mara ya pili, mara ya tatu, abiria wake amesimama juani. Watu hawa si hatari kwa yeyote. Wanachopungukiwa ni mtu wa kuwaambia kwamba wazo limepita tu kichwani, na kwamba vichwa vyote hupitiwa na mawazo ya ajabu.

Niseme la kijana mmoja wa hapa kwetu Sola, mtoto wa jirani, ambaye familia yake imeniruhusu nimwandike bila kumtaja. Msimu wa pamba ndio uliomfichua. Wanaolima wanajua: pamba ikishatolewa shambani inachambuliwa kabla ya kupelekwa kwenye chama cha msingi kupimwa, safi gunia lake, fifi gunia lake. Ni kazi ya familia nzima, ya kukaa chini uani huku watu wanapiga soga. Kijana huyu alikuwa mchambuaji mzuri, mwenye macho. Kisha akaanza kumwaga gunia lililokwisha kujaa na kulichambua upya. Mwanzoni baba yake alifurahi. Alisema mwanangu ana uangalifu.

Usiku wa manane mama alikuwa akiamka anakuta taa ya sola inawaka stoo, kijana kakaa katikati ya rundo la pamba, anainua punje moja moja na kuigeuza kwenye mwanga. Vidole vilikuwa vimechanwachanwa na maganda makavu. Hofu yake ilikuwa hii: kwamba kitonge kimoja cha fifi kimepenya kwenye pamba safi, na kwa sababu hiyo pamba ya kijiji kizima itakataliwa, na baba yake atafungwa. Nilimuuliza baadaye kama aliamini hivyo kweli. Akanijibu, "Hapana, mzee. Najua si kweli. Lakini nikilala naona kabisa wanamfunga baba pingu."

Hilo ndilo neno ambalo kila mwenye kuhudumia watu angepaswa kulisikia. Anajua si kweli. Mtu aliyerukwa na akili kwa namna tuliyoizoea haoni kasoro katika anachokiamini. Huyu anaiona, anaionea aibu, na bado hawezi kuacha.

Dawa ya nyumbani ilikuwa mama yake. "Mama, hebu angalia na wewe." Mama anainama, anatia mkono ndani ya gunia, anachota, anatazama. "Ni safi, mwanangu. Kalale." Uso wa kijana unalainika, anakwenda kulala. Kabla ya nusu saa amerudi mlangoni. "Mama, ulifika chini kabisa?" Kwa hiyo mama anaamka tena, na tena, kwa upendo wake wote, na kila anapojibu anazidisha ugonjwa bila kujua.

Ndivyo unavyofanya kazi. Wazo linakuja na hofu. Mtu anafanya jambo la kuituliza hofu: ananawa, anahesabu, anakagua kufuli, anauliza. Hofu inashuka, na ubongo unajifunza kwamba kilichoniokoa ni kule kukagua. Mara nyingine hofu ikija inadai malipo yale yale na kuongeza kidogo. Uhakika unaotafutwa haupatikani, kwa sababu hakuna binadamu aliye na uhakika kamili wa kitu chochote, na wengi wetu tunaishi bila huo uhakika pasipo hata kuwaza. Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kuwa mtu mmoja mpaka watatu katika kila 100 hupatwa na hali hii wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Piga hesabu ya shule moja tu ya sekondari.

Wala si ugonjwa wa Wazungu, kama nilivyowahi kuambiwa mnadani na mtu mzima mwenye heshima zake. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, na humo akatenga sura nzima kwa ajili ya wasiwasi unaojirudia kichwani na kumkosesha mtu raha. Watu wa pwani wanamfahamu mtu anayerudia udhu mpaka jamaa wamemaliza sala naye bado yuko birikani. Masheikh wenye hekima hawamruhusu aendelee kurudia. Wanamwambia asiifuate shaka, aingie asali hivyo hivyo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika kuhusu wagonjwa aliowatibu kwa kuwasogeza karibu na kile wanachokiogopa na kuwazuia wasifanye lile tendo la kujituliza, mpaka hofu ishuke yenyewe. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kukua na kuwa tiba kuu ya mazungumzo kwa ugonjwa huu mpaka leo, pamoja na vidonge vya jamii ya fluoksetini kwa wanaovihitaji. Sheikh wa pwani na mwanasaikolojia wa London walifika mahali pamoja.

Kijana wetu hakufika huko upesi. Alianza kanisani, akaombewa, na sina neno baya kwa waliomwombea. Kisha akapelekwa kwa mganga. Na hapa nataka nimtendee mganga haki, maana watu wa mjini humdharau bila kufikiri. Mganga alimpokea vizuri. Aliuliza ilianza lini, usiku gani, nani alikuwepo, anaota nini. Alikaa naye muda mrefu. Kwenye zahanati ambako kijana alikuwa amepelekwa kabla, foleni ilikuwa ndefu, alipimwa malaria na kupewa dawa za usingizi kidogo. Watu hawaendi kwa waganga kwa ujinga. Wanakwenda kwa sababu kule wanaulizwa.

Shida ni jibu. Mtu aliyebanwa na wazo anataka uhakika, na ramli inatoa uhakika. Lakini uhakika wa ramli una jina la mtu. Katika familia hii jina lilikuwa la shangazi, mjane anayeishi peke yake, mtu aliyekuwa akiwaletea watoto karanga. Mbuzi wawili walikwenda kwa mganga, na undugu ulikwenda nao. Kijana hakupona. Ila sasa familia nzima ilikuwa na wazo: kila kuku akifa, kila mvua ikichelewa, macho yanaelekea nyumba ya shangazi.

Sisi watu wa Usukuma hatuwezi kuzungumzia wazo linaloganda bila kufika hapa. Kwa miongo mingi bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na moja ya alama walizotafutiwa ilikuwa macho mekundu, macho ya mwanamke aliyepikia familia yake maisha yake yote kwa moshi wa mabua na mavi ya ng'ombe. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipozidi Kanda ya Ziwa, Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Sisemi kwamba wauaji wale walikuwa wagonjwa. Walikuwa wahalifu, na wengi walisukumwa na fedha au urithi wa mashamba. Ninachosema ni kwamba kijiji kinaweza kushikwa na wazo kama mtu mmoja anavyoshikwa, na kwa njia ile ile: hofu inatafuta uhakika, uhakika unatafuta tendo, tendo linatuliza kwa siku chache, kisha hofu inarudi na kudai zaidi. Tofauti ni kwamba kijana wa pamba anajichana vidole vyake mwenyewe.

Aliyemsaidia mwishowe ni tabibu mmoja mgeni kazini, ambaye aliona vile vidole na badala ya kuandika dawa ya kupaka akamuuliza, "Hivi usiku ukiwa peke yako, kuna wazo gani linarudi rudi?" Kijana alilia. Akaandikiwa rufaa kwenda Mwanza, akapata daktari wa akili, vidonge, na mazoezi ya kufanya nyumbani. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifanya: chambua mara moja, jaza gunia, shona mdomo wake kwa shazia na kamba, kisha kaa pale na hofu yako mpaka ishuke. Na mama akapewa lake: mwanao akikuuliza kama ni safi, usimjibu.

Mama yule aliniambia kwamba katika uzazi wote na misiba yote hajawahi kufanya kazi nzito kama hiyo. Mtoto amesimama mlangoni anatetemeka. "Mama, ni safi?" Neno moja lingemtuliza. Analo mdomoni. "Nimekusikia, mwanangu. Njoo ukae hapa." Wanakaa wote wawili kwenye mkeka, kimya, gunia limeshonwa mbele yao. Usiku wa kwanza walikaa mpaka majogoo. Baada ya wiki kadhaa ikawa muda wa kuchemsha chai. Hajapona kabisa; msimu ukikaribia vidole vinaanza kumwasha, anasema. Lakini anafanya kazi, na amerudi kwenye kwaya.

Safari yao ya Mwanza ilikula nauli, malazi na siku za palizi. Familia isiyo na mbuzi wa kuuza isingefika. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu mwaka 2008, na hospitali ya Mirembe kule Dodoma ipo tangu mwaka 1927, lakini kwa watu wengi jina la Mirembe bado ni tusi la kumtupia mtu barabarani, na kwa mtu wa Sola ni mwisho wa dunia. Juu ya hayo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Maana yake Kazimoto wa leo akiokolewa na majirani kabla hajafa, kisheria anaweza kutoka wodini kwenda kituoni. Nani atakayesema anachokiwaza akijua hivyo? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinachofanana na hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Bunge letu halihitaji kusubiri mahakama. Wabunge wa Simiyu wanaweza kulipeleka jambo hili Dodoma wenyewe.

Hospitali kubwa kila wilaya, yenye daktari wa akili, hatutaipata kesho. Lakini Zimbabwe hawakusubiri. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, akiwa na madaktari wachache na wagonjwa wengi, aliwachukua bibi 14 wa Mbare, kitongoji cha Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu waliozidiwa na mawazo. Bibi anasikiliza, anamsaidia mtu kuchagua shida moja ya kuanza nayo, wanapanga hatua, anarudi wiki ijayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na hapa hapa kwetu, Zanzibar. Bibi hawatibu kila kitu. Mgonjwa kama kijana wetu bado atahitaji daktari na vidonge. Lakini bibi aliyefundishwa angeyatambua mapema mawazo yanayojirudia, na angewaambia wazazi wasipoteze mbuzi.

Nafikiri sana juu ya hili la bibi. Mkoa wetu unao wengi, wajane, wenye kumbukumbu ndefu na subira, wanaojua kuketi na mtu bila kumharakisha. Ni wale wale ambao tumekuwa tukiwaogopa kwa sababu ya macho yao. Kama mmoja wao angekaa asubuhi mbili kwa juma chini ya mti nje ya zahanati ya Sola, akiwa amefundishwa, anatambuliwa na halmashauri, analipwa posho kama wanavyolipwa wengine wanaohudumia jamii, watu wangekwenda. Kinamama wangekwenda kwanza, kwa kisingizio cha kumpeleka mtoto kliniki. Vijana wangechelewa kidogo.

Maswali yapo, na ni ya haki. Kijijini siri haikai. Kwa hiyo benchi liwekwe mbali kidogo na dirisha la dawa, na bibi aape mbele ya mganga mfawidhi kwamba analoambiwa halitoki hapo. Kuna watakaosema anatafuta watu wa kuwaloga. Kwa hiyo mchungaji, sheikh na mwenyekiti wa kijiji wawe wa kwanza kukaa pale, mchana, watu wakiwaona. Nani atawafundisha? Hospitali ya Bugando kule Mwanza kuna wataalamu, na kwa majuma machache wanaweza kufundisha kundi moja kwa kila tarafa. Bajeti ya halmashauri hupangwa kila mwaka na madiwani tunaowajua kwa majina. Vikao vya bajeti vikifunguliwa, diwani wa kata aulizwe kuhusu benchi hili kama anavyoulizwa kuhusu kisima. Na walimu wa Kiswahili wa shule zetu, watakapofika kwenye Kichwamaji, waache kwanza yale maswali ya dhamira na wahusika kwa kipindi kimoja tu, wawaulize wanafunzi Kazimoto angemwambia nani, kisha wawape muda wa kujibu kwa maandishi, bila majina.